Ukuta wa Pumba na Ukurasa wa Pili

“Ukuta ni ukuta, shemeji. Redio ilinyamaza au haikunyamaza?”

“Ilinyamaza.”

“Simu ilishika mtandao au haikushika?”

“Haikushika. Lakini...”

“Basi lakini ya nini tena? Kitu kimezuia redio, kimezuia simu, hiyo eksirei itapita wapi? Ina miguu?”

Shemeji alikuwa amekalia ndoo ya saruji iliyopinduliwa, anasafisha kucha kwa ncha ya msumari. Nikamtupia ile filamu ya eksirei mapajani.

“Tazama hii.”

“Mimi si daktari.”

“Huhitaji udaktari. Inyanyue dirishani. Unaona nini?”

Akainyanyua kwa uvivu. “Funguo.”

“Na?”

“Mkasi.”

“Funguo za mwanangu. Mkasi wa mwanangu. Vinaning’inia kwenye msumari pale mapokezi, nje ya chumba cha eksirei. Mashine iko ndani, funguo ziko nje, na katikati kuna ukuta wetu. Sasa niambie zimepigwaje picha.”

Akaacha kusafisha kucha.

Wiki jana hadithi niliiachia pale mwanangu alipoingia nyumbani na bahasha ya kaki yenye filamu hii, huku akicheka. Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua tulivyofika hapa. Anayenikuta leo nitamweleza kwa ufupi, maana sina hadithi ndefu, nina mikosi mingi tu.

Mume wangu alifariki akaniacha na watu wawili: binti yetu wa pekee, na mdogo wake yeye, huyu shemeji, anayeitwa Injinia kwa sababu huvaa kofia ngumu ya njano hata msibani. Mimi nina stashahada ya ujenzi. Nyuma ya kinu cha kukoboa mpunga kulikuwa na mlima wa pumba ambao wenyewe walikuwa wanautafutia wa kuuzoa. Nikauzoa. Nikachoma zile pumba kwenye pipa lililofunikwa, zisipate hewa, zikawa mkaa mweusi tii. Mkaa nikausaga, nikauchanganya na saruji, nikagandamiza bodi. Chuo nilichosoma wakazipima wakakuta zinameza mawimbi ya redio na simu kama sponji linavyomeza maji. Mwenye studio ya kurekodi alizitaka, mwenye chumba cha mikutano alizitaka. Kibanda cha kwanza kiliungua, shehena ya pili ikapasuka, mkono wangu ukaungua na pipa. Hayo nilishayasimulia.

Nilipokuwa na bandeji hadi kwenye kiwiko, Injinia alileta kazi kubwa. Kliniki. “Chumba cha kompyuta,” aliniambia, na akasimamia ujenzi yeye. Na kwa ujanja wake akamwombea mwanangu kazi ya mapokezi palepale. Nilimbariki shemeji siku ile. Nilimpikia.

Kumbe kompyuta ilikuwa ile inayoonyesha picha za mifupa.

“Uliniambia chumba cha kompyuta,” nikamwambia sasa.

“Si ina kompyuta?”

“Injinia.”

“Shemeji, nisikilize. Niliwafanyia majaribio mbele yao. Nilitengeneza boksi la bodi zetu, nikatia redio inayoimba, nikafunga, kimya. Nikatia simu, wakaipiga, haipatikani. Mwenye kliniki mwenyewe alipiga makofi. Akasema, kama inazuia hivi, na eksirei itakoma.”

“Na wewe ukasema nini?”

“Nikasema itakoma.”

Eksirei haikomeshwi na mkaa, wasomaji wangu. Inataka risasi, ile metali nzito, au zege nene. Kwa eksirei bodi yangu ni sawa na pazia.

“Ulimdanganya mtu,” nikasema.

“Mimi?” Akasimama, ndoo ikabingirika. “Mimi niliwapa karatasi yako. Ina mhuri wa chuo, ina sahihi yako. Inasema bodi hizi zina uwezo mkubwa wa kuzuia mawimbi. Imeishia hapo. Kama kuna pengine ilipoendelea, ningejuaje mimi?”

Nikakaa chini. Nilikaa juu ya mfuko wa pumba.

Ilikuwa inaendelea. Hilo sijawahi kumwambia mtu, wala ninyi sikuwaambia wiki zote hizi, nikajifanya mwanamke wa mikosi asiye na hatia. Ile karatasi ya chuo ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari miwili tu: matokeo haya ni ya mawimbi ya redio na simu peke yake, bodi zisitumike kukinga eksirei. Mteja wa kwanza alipoona neno eksirei akauliza kama bodi zina sumu, akaondoka. Wa pili akaondoka vilevile. Nikachukua kisu cha mezani, nikang’oa pini, nikautoa ukurasa wa pili. Niliuficha nyuma ya fremu ya stashahada yangu ukutani. Nilijiambia, nani mwenye akili zake atajenga chumba cha eksirei kwa pumba?

Injinia alitoa nakala za ule uliobaki. Yeye hakung’oa kitu.

“Shemeji,” akasema, sauti imeshuka, “hizo funguo ziko mbali na kiti chake?”

“Anainua mkono tu anazifikia.”

Akavua kofia yake ya njano. Sikumbuki kuona kichwa cha shemeji tangu tumzike kaka yake.

Hakujua nusu ya habari. Mwanangu ana mimba ya wiki kumi na moja. Tunaojua ni watatu: yeye, mumewe na mimi. Kazini hajasema, kwa sababu yuko kwenye miezi mitatu ya kuangaliwa, na wiki ijayo ndiyo anapewa barua ya ajira au anapewa mkono wa kwaheri. Na juu ya mlango wa kile chumba, hatua nne kutoka kwenye kiti chake, pamebandikwa tangazo: Kama una mimba, mwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha. Yeye ndiye aliyelichapa.

Nilipiga simu kwanza. Mimi ni mtu wa utaratibu. Ofisi inayosimamia mambo ya mionzi ilipokea mara ya tano.

“Andika barua, mama. Eleza kliniki ipi, tatizo lipi, ambatisha ushahidi.”

“Nikileta leo mtakuja lini?”

“Mkaguzi wa eneo hilo yuko mafunzoni. Tuseme wiki mbili, tatu.”

“Kuna mjamzito amekaa ukutani.”

“Ahame hapo, mama,” akasema yule bwana kwa upole kabisa. “Huo ndio ushauri wangu wa haraka.”

Nikateremsha stashahada ukutani, nikafungua fremu kwa bisibisi, nikatoa ukurasa wa pili. Ulikuwa na vumbi pembeni na vitundu viwili vya pini. Nikautia mkobani. Nikabeba na mfuko wangu wa vifaa, kwa kuwa nina desturi ya kukagua kila ukuta niliouza ukifika miezi mitatu: nagonga maungio, natazama nyufa. Mfuko huo ndio kibali changu cha kuingia popote.

Kliniki ni ndogo na safi. Mapokezi kuna meza ya mwanangu, kabati la mafaili, na benchi refu la wanaosubiri. Meza, kabati na benchi, vyote vimeegemea ukuta wangu. Juu ya kabati zimesimamishwa kaseti za picha, zile bapa nyeusi kama sinia zinazobeba filamu, maana ndani hakuna nafasi. Na nyuma ya kaseti, kwenye msumari, funguo na mkasi.

“Mama,” mwanangu akatabasamu. “Umekuja kumkagua nani, mimi au ukuta?”

“Inuka hapo.”

“Subiri nimalize kumwandika huyu.”

“Kaandikie kule mlangoni.”

“Kule hakuna meza. Mama, kuna nini?”

Kabla sijajibu taa nyekundu juu ya mlango ikawaka. Kutoka ndani ikaja sauti ya mpiga picha: “Bana kifua ukutani. Vuta pumzi. Usipumue.” Mwanangu alishanisimulia jinsi watu wote wa mapokezi wanavyobana pumzi pamoja na mgonjwa, mpaka imekuwa utani wao. Kweli, walibana. Mzee mwenye fimbo alibana. Mama mwenye mtoto mgongoni alibana. Mwanangu alivimbisha mashavu ili anichekeshe.

Mgonjwa wa kifua husimama ameukabili ukuta, mashine ikiwa nyuma yake, imeuelekea ukuta huohuo. Ukuta huu.

“Pumua,” sauti ikasema. Wote wakapumua. Mimi sikuweza.

“Bosi wako yuko?”

“Yuko ndani. Mama, usiniharibie. Imebaki wiki moja.”

Mwenye kliniki si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinivutia kiti mwenyewe. Nikamwekea filamu mezani, nikamweleza neno kwa neno, mkaa unazuia nini na hauzuii nini. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mama, mkaguzi alipitisha chumba hiki.”

“Alikipima kwa kifaa?”

“Kifaa chake kilikuwa kimeisha betri. Alisoma karatasi yako.” Akaitoa kwenye faili. “Hii sahihi ni ya nani?”

“Yangu.”

“Basi leo unaniambia ulichosaini si kweli. Nikuamini wa siku ile au wa leo?”

“Wa leo.”

“Au umekuja kuniuzia ukuta wa pili juu ya wa kwanza?”

Sikuudhika. Ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo. Nikafungua mkoba, nikamwekea ukurasa wa pili mbele yake. Niliona ndio mwisho wa ubishi. Mtu akishasoma mistari miwili kama ile, atabisha nini?

Akasoma. Akageuza nyuma. “Hauna mhuri.”

“Mhuri upo ukurasa wa kwanza. Ni karatasi moja hiyo.”

Akachukua ule wa kwanza halisi, ambao Injinia alimwachia kwenye faili, akaupanga juu ya huu. Akavilinganisha vile vitundu viwili vya pini dhidi ya mwanga wa dirisha. Vilikaa sawasawa.

“Kumbe ulikuwepo,” akasema. “Nani aliung’oa?”

Ningeweza kusema Injinia. Jina lilifika mpaka kwenye meno.

“Mimi.”

Akaegemea kiti. Nilimwona mtu akitulia, kama aliyekuwa amebeba mzigo akapata wa kumbebesha.

“Sikiliza, mama. Hii ndiyo mashine pekee ya watu wa hapa. Kwa siku wanaingia ishirini, wengine hawawezi hata kufika mjini. Nikiifunga leo, wataniuliza kwa nini. Nikiwaambia kwa nini, anayekwenda ndani ni wewe. Mimi nitaonekana mjinga. Wewe utaonekana mhalifu.”

“Sawa. Niende. Funga.”

“Mwisho wa mwezi nitaita mafundi wa risasi. Kimyakimya. Hakuna atakayejua.”

“Mwisho wa mwezi ni siku kumi na tisa.”

“Wamekaa miezi mitatu, mama. Siku kumi na tisa zitawafanya nini?”

“Sijui zitawafanya nini. Wewe unajua?”

Alikunja ukurasa wa pili mara mbili, akautia kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo. Kwa adabu, polepole, kama mtu anayekuhifadhia kitu.

“Nirudishie.”

“Kwa faida yako, mama. Na ya binti yako. Ni mfanyakazi mzuri, nilikuwa natayarisha barua yake.”

Niliingia mle na ushahidi mkononi, nikatoka na mfuko wa nyundo.

Nikasimama mapokezi. Nani mwingine nimwendee? Ofisi ya mionzi wanataka ushahidi, na ushahidi umefungiwa. Injinia amekaa kibandani, ameshika kofia yake. Nikamwendea mwanangu, nikainama sikioni.

“Twende nyumbani.”

“Mama, saa hizi?”

“Sema unaumwa.”

“Nikisema naumwa watanipima, wakinipima watajua. Tulikubaliana mimi na wewe, baada ya barua.” Akanishika mkono ule wenye kovu. “Ni nini? Injinia amesema kitu? Unaona aibu mimi kukaa mapokezi?”

“Huo ukuta hauzuii eksirei.”

Akacheka kidogo. “Mama, ukuta wako? Hapa hata simu haishiki. Nikitaka kuongea na mume wangu natoka mpaka getini. Kila anayekuja namwambia, huu alijenga mama yangu.”

“Zile funguo kwenye picha.”

“Mpiga picha alisema kaseti zimechakaa.”

“Hazijachakaa.”

Hapo alinitazama vizuri. Mkono wake mmoja ukashuka tumboni, wenyewe, chini ya meza, mahali ambapo watu hawaoni.

“Bosi amesemaje?”

“Mwisho wa mwezi.”

“Basi niendelee kukaa au niache kazi? Nikiacha mimi, ataletwa mwingine akae hapa.” Akageuza macho kwenye benchi. Yule mtoto alikuwa ameshushwa mgongoni, amelala, kichwa chake kimeegemea ukuta. “Na hao je?”

Mimi ambaye nyumbani nina jibu la kila kitu, la bomba linalovuja, la mwalimu mkali, la mkwe mvivu, nilisimama pale kama kabati la mafaili.

Mlango ukafunguka, mgonjwa akatoka akifunga vifungo vya shati. Mpiga picha akachungulia na karatasi yake. “Anayefuata.” Mzee mwenye fimbo akaanza kujikusanya kuinuka.

“Baba, kaa kwanza,” nikamwambia. “La, usikae. Jamani, wote inukeni hapo kwenye benchi, sogeeni mlangoni. Dada, mchukue mtoto.”

“Kuna nini?” mama wa mtoto akauliza.

“Ukaguzi.”

Watu hutii mwanamke mwenye mfuko wa vifaa. Waliinuka. Mpiga picha alinikodolea macho. Nikamwambia, “Nawe toka humo ndani, uzime mashine.” Naye, sijui kwa nini, akatoka.

Nikasogeza kaseti. Nikatungua funguo na mkasi kwenye msumari, nikaviweka mezani mbele ya mwanangu.

“Mama,” akasema taratibu, “ile karatasi yako ya chuo. Si ilisema inazuia?”

“Ilikuwa na ukurasa wa pili.”

“Uko wapi?”

“Niliung’oa.”

“Lini?”

“Kabla hujaanza kazi hapa.”

Nilitamani anipigie kelele.

“Ulijua?” akauliza.

“Nilijua haizuii eksirei. Sikujua wameijengea chumba cha eksirei. Ila karatasi niliing’oa mimi.”

Karatasi inaweza kufungiwa kwenye droo. Tundu kwenye ukuta halifungiwi. Hakuna mpiga picha atakayewasha mashine chumba kikiwa wazi, wala mkaguzi atakayesoma karatasi badala ya kutazama. Nikatoa nyundo kubwa. Bodi zangu nazijua. Nikagonga kwa kidole kutafuta mbao za ndani, nikapima shubiri moja kutoka kwenye msumari, mahali ambapo hakuna kitu nyuma. Nikaipiga.

Pigo la kwanza lilitoa vumbi jeusi. La pili likaacha ufa. La tatu nyundo ilizama mpaka kwenye mpini, na nilipoivuta ikaja na kipande kikubwa kama mlango wa jiko. Bodi ya upande wa pili nayo ikafuata. Kupitia tundu niliiona mashine, nyeupe, kichwa chake kimetuelekea sisi.

Mwenye kliniki alikuja mbio. Akaliangalia tundu, akaniangalia mimi niliyejaa masizi usoni, kisha akamgeukia mwanangu.

“Piga simu polisi,” akamwambia. “Sasa hivi. La sivyo hiyo barua yako uisahau.”

Mwanangu akachukua simu mezani. Akaitazama. Haikuwa na mtandao. Hilo moja ukuta wangu ulilifanya kwa uaminifu mpaka mwisho, hata ukiwa na tundu. Akainuka, akachukua funguo zake, akapita katikati ya watu bila kunigusa, akatoka mpaka getini.

Niliinua nyundo tena, kwa sababu tundu lilikuwa bado dogo. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye jua, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umeweka simu sikioni. Alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, na midomo yake ilikuwa imeanza kusema.